Laini Iliyopiga Kona kwa Mzee Ingosi

Mmeniomba niwaandikie kuhusu kazi ya laini, nyinyi mafundi wapya ambao kofia zenu bado zinang'aa. Mmoja wenu aliniambia, "Mzee Rajabu, tuachie hekima kidogo." Hekima sina. Ningekuwa nayo, nisingepanda nguzo za watu mpaka magoti yakagoma. Nilicho nacho ni maneno machache kuhusu neno moja, na ombi moja. Ombi nalitanguliza msije mkasema mzee aliwavizia: kule Khayega, katika boma la marehemu Mzee Ingosi, kuna stei ambayo lazima ihamishwe wakati mjane wake, Mama Rasoa, bado yuko hai. Stei, kwa wale waliosinzia darasani, ni ule waya mnene unaoshuka mshazari kutoka juu ya nguzo hadi ardhini, ukiishikilia isilale. Nitafika huko. Kwanza neno.

Neno lenyewe ni laini. Kiswahili kilikuwa nalo tangu zamani, na maana yake ilikuwa njema: kitu kisichokwaruza, kama hariri, kama shavu la mtoto. Kisha Mwingereza akaja na lake, na alipoondoka akaliacha hapa lifanye kazi zote peke yake, kama mwalimu wa shule ya kijijini anayefundisha hesabu, dini na mpira. Waya wa stima ni laini. Kadi ya simu ni laini. Safu ya mahindi ni laini, foleni ya benki ni laini, nyumba za polisi zilizobanana kama meno ni laini, na njia ya gari ni laini. Bosi akikwambia uingie laini, hakuna waya wala mahindi hapo, na unajua vizuri anataka nini. Nimeishi na laini zote hizo. Hakuna hata moja iliyokuwa laini.

Ya kwanza kuijua ilikuwa ya miwa. Mimi ni mtu wa Mayoni, na baba yangu alikata miwa. Alfajiri nyapara alimwonyesha kila mkataji laini yake, akasema, "Hii ni yako, nenda nayo." Mwanzo wa laini unauona. Mwisho umefichwa na miwa yenyewe. Baba alirudi jioni mweusi kama sufuria, majani yamemchora mikono, nikajiambia nitatafuta laini nyingine, iliyo juu, ambako hakuna majani. Nikapata ya stima. Ndiyo, chekeni. Nami nilicheka baadaye.

Aliyenipokea kazini alikuwa Mzee Ingosi, msimamizi wa kikosi chetu. Mtu mfupi, kichwa kikubwa, sauti ya chini kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Siku ya kwanza alinipa fito tatu zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe, akazisimamisha shambani moja nyuma ya nyingine.

"Rajabu, funga jicho moja."

"Lipi, mzee?"

"Lile lenye uvivu."

Nilifunga. Akaniambia nisogee mpaka ufito wa kwanza uwafiche wenzake wawili. Wakifichika, laini imenyooka. Akitokeza mmoja, hata kwa unene wa kidole, umepotea, na kosa la kidole hapa ni kosa la shamba zima ukifika kwa jirani. Ndivyo tulivyopiga laini kilomita kwa kilomita. Najua nyinyi mna kidude kinachoongea na setilaiti. Hongereni. Nimeona nguzo mlizozisimamisha nacho karibu na kwangu, na naona setilaiti nayo hufunga jicho lisilofaa.

Kitu kingine alichonifundisha ni kutoamini taarifa ya kifo. Simu ilipigwa kutoka kituoni, "Laini imekufa, pandeni." Kila mtu mwingine angepanda. Ingosi alisema, "Hata mtu akifa huwa tunamgusa kwanza." Alipima, kisha akafunga waya wa athi, ule wa kupeleka stima ardhini, upande huu wa kazi na upande ule. Mimi nilikuwa kijana kama nyinyi, niliona anatuchelewesha chakula. Siku moja karibu na soko la Mayoni, kwetu kabisa, nilikuwa nimeshavaa mkanda, mguu mmoja juu ya nguzo, tukasikia mshindo, na cheche zikaruka pale athi ilipofungwa. Mwenye kinu cha posho alikuwa amechoka kungoja stima, akawasha jenereta yake bila kujitenga na laini yetu. Laini iliyokufa ikafufuka. Bila ile athi, mimi ndiye ningekufa badala yake.

Mwenye kinu alitoka mbio, unga umejaa kwenye nyusi.

"Mmeniharibia jenereta! Nani atanilipa?"

Ingosi alivua kofia. "Utusamehe sana, ndugu yangu. Tulitaka kufa bila kukusumbua, tukasahau."

Basi hiyo ndiyo hekima, kama bado mnaitaka. Pima. Funga athi pande zote mbili. Ukiambiwa imekufa, pima tena.

Ingosi alikuwa mkaidi wa haki, na mtu wa namna hiyo ni mzigo kwa jamaa zake. Tulipeleka laini Lumakanda, kule Lugari, kwenye mashamba yaliyokuwa ya Wazungu, ambako mahindi husimama kama jeshi. Laini yetu ilitakiwa kupita katikati ya shamba la kaka yake Mama Rasoa, yaani shemeji yake Ingosi. Shemeji alitukaribisha kwa heshima. Akachinja kuku. Ukisikia mtu wa huko anasema ingokho, jua si chakula tu, ni hoja. Tulikula na obusuma, ugali wa huko, ya moto, na firigisi, sehemu anayopewa mgeni mkubwa kuliko wote, ikawekwa mbele ya Ingosi. Aliila polepole, akanawa, akashukuru, akatuambia tuchukue fito.

Tulipita katikati ya mahindi.

"Shemeji!" mwenye shamba akalia. "Umekula firigisi yangu!"

"Nimeikula, na ilikuwa tamu. Laini haina shemeji."

Waliacha kusalimiana kwa muda mrefu. Mama Rasoa ndiye aliyewapatanisha, kwa njia zake, na hakuwahi kumwambia mume wake kwamba alikuwa na haki. Alimwambia tu kwamba siku nyingine akipanga kupita katikati ya mahindi ya watu, asile kwanza.

Nakuja sasa kwenye ile stei.

Khayega walitaka stima ifike kwenye zahanati iliyo ng'ambo ya mtaa wao. Laini ilitoka sokoni imenyooka, lakini ili ifike zahanati ilibidi ipige kona mahali fulani. Mnajua kona. Nguzo ya kona huvutwa na waya upande mmoja, kwa hiyo huwekewa stei upande wa pili, na stei hula ardhi. Huwezi kujenga juu yake, huwezi kulima vizuri, na ng'ombe akifungwa hapo huizunguka mpaka ajinyonge. Tulienda boma kwa boma. Kila mtu alitaka stima. Hakuna aliyetaka kona.

"Stima ni maendeleo," walituambia. "Nguzo pelekeni kwa jirani."

Mahali pazuri kuliko pote palikuwa kwa Mzee Muhanji, kaka yake Ingosi, maboma yao yamepakana kwa ua. Muhanji alikunja mikono. "Hapo nitapanda avokado," akasema. Palikuwa na nyasi siku hiyo. Pana nyasi hadi leo. Ni avokado zenye subira.

Ingosi hakubishana. Alichukua kigingi na nyundo, akaenda nyumbani kwake mwenyewe, akakipigilia. Kona ikaangukia ukingoni mwa boma lake, na stei ikatua mbele ya nyumba, upande wa kulia. Mama Rasoa alitoka jikoni akipangusa mikono, akatazama kigingi, akamtazama mume wake.

"Baba Josphat, hapo si ndipo...?"

"Ndipo," akasema. "Lakini sina haraka."

Sikuelewa, mimi ni mtu wa Mayoni. Nilieleweshwa baadaye njiani. Kwa ukoo wao, mume huzikwa kulia mwa nyumba na mke kushoto. Ingosi alikuwa amefunga stei juu ya kaburi lake ili akina mama wajifungue mahali penye mwanga. Kina Muhanji walikuwa na taa kabla ya mwezi kuisha. Hakuna aliyekuja kusema asante, lakini wawili walikuja kulalamika kwamba nguzo inaharibu sura ya mtaa.

Ingosi aliaga dunia mwaka jana, mahindi yakiwa yamefika magotini. Sisi Waislamu tungekuwa tumemzika kabla chai haijapoa. Wenzetu huhitaji mikutano, mahema, na vipaza sauti vinavyomtangaza marehemu kwa watu waliokuwa wakimpita barabarani bila salamu. Nilifika Jumamosi asubuhi. Ngoma za isukuti zilikuwa zinalia, na laini ya kuaga mwili ilitoka uani hadi barabarani. Hiyo nayo ni laini. Nikaingia mwisho wake kama kila mtu. Mheshimiwa mmoja alikuja na wapambe wake, wakaingia mbele, kwa sababu kiongozi huwa na huzuni ya dharura. Nilipofika kwenye jeneza Mama Rasoa alikuwa ameketi kando yake, amejifunga leso. Alinishika mkono tu. Nilishukuru, maana kila mtu mwingine alikuwa na maneno mengi.

Ndipo nikaona wachimba kaburi wamesimama.

Walikuwa wameanza kuchimba kulia, kama desturi inavyotaka, wakakuta gogo tulilolizika chini kushikilia ile stei. Mzee Muhanji, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, alikuwa hapo na fimbo yake.

"Rajabu, wewe si fundi? Hii waya inafanyanga kazi gani hapa?"

"Inashika nguzo, mzee."

"Nguzo imesimama yenyewe miaka hii yote."

"Imesimama kwa sababu ya hii waya."

"Na tukiikata?"

"Nguzo italala na laini yake. Itaangukia pale." Nikamwonyesha hema la wageni wa heshima.

Mheshimiwa, aliyekuwa anatusikiliza kwa sikio moja, aliinuka akahamisha kiti chake kwa mikono yake mwenyewe. Ni kazi ya mikono pekee ambayo nimewahi kumwona akifanya.

Niliegemea ile stei ili asitokee kijana wa kuikata, nikakaa hapo. Josphat, mwana wa marehemu, aliyekuja kutoka Nairobi na suti, akasema tusibishane, kuna namba ya dharura ya watu wa stima. Akapiga. Tukamzunguka.

"Wanasemaje?" Muhanji akauliza.

"Wanasema nikae kwenye laini."

Alikaa kwenye laini. Tulisikia muziki, na katikati ya muziki mwanamke mwenye sauti tamu akimwambia simu yake ni ya muhimu. Mchungaji alihubiri, Josphat yuko kwenye laini. Ndugu walisema, majirani walisema, shule aliyosoma marehemu ikasema, Josphat yuko kwenye laini. Wazee nao walikuwa wamegawanyika. Wengine walitaka achimbiwe nyuma ya nyumba, wengine wakasema nyuma hutupwa takataka, si mzee. Mmoja alipendekeza arudishwe mochari mpaka stei ihamishwe. Jua likaanza kuinama.

Mama Rasoa akainuka kutoka kando ya jeneza. Mjane haruhusiwi kuzungukazunguka saa hiyo, kwa hiyo alipoinuka watu walinyamaza, hata vipaza sauti.

"Chimbeni kushoto," akasema.

"Mama Josphat," Muhanji akamjibu kwa upole wa mtu anayemwongoza mgonjwa, "kushoto ni kwako."

"Najua ni kwangu. Ndiyo sababu naweza kumpa."

"Mwanamume kulazwa upande wa mke! Watu watasema nini?"

"Watasema kuna mtu alikataa nguzo."

Muhanji alitazama fimbo yake.

"Halafu," Mama Rasoa akaendelea, "huyu mtu amelalanga upande wangu wa kitanda maisha yake yote. Hatakuwa mgeni."

Wanawake walicheka kwa kuziba midomo. Mchungaji aligeuka kama anatafuta kitabu. Lakini Muhanji alikuwa bado na swali moja, na lilikuwa swali la haki.

"Na wewe, siku yako, tutakuweka wapi? Kulia kuna waya."

"Mwacheni Josphat kwenye laini," akasema. "Mpaka mimi nife, pengine watakuwa wamepokea."

Walichimba kushoto. Nilichukua jembe zamu moja, nikapungukiwa na pumzi, nikarudi kuegemea stei yangu. Sikulia. Stei iliyokazwa vizuri hutetemeka kidogo upepo ukipita, na mtu aliyeiegemea hutetemeka nayo. Nitasema ulikuwa upepo.

Tangu siku ile nimekuwa mtembezi wa ofisi zenu. Nimesimama kwenye laini zenu ndefu. Nimeelezwa kwamba mtambo uko chini, kwamba anayehusika yuko semina, na nimeulizwa kwa nini nisipige simu. Kijana mmoja mwungwana aliniuliza kama huyo mama amekwisha kufa, nikamwambia hapana, akaniambia basi si dharura.

Dawa ya stei ile ni rahisi, na mmeisoma darasani. Waya usishuke bomani. Utoke juu ya nguzo, uvuke ua hewani, ufike kwenye kinguzo kifupi ng'ambo, ndipo ushuke. Boma linabaki wazi chini. Tatizo ni kwamba ng'ambo ya ua ni kwa Muhanji, kwenye zile avokado. Nilimwendea mara ya kwanza, akanipa chai na akaninyima ardhi. Mara ya pili akaninyima vyote viwili.

Juzi alikuja mwenyewe mpaka kwangu Mayoni, safari ndefu kwa mtu wa umri wake. Alikaa kwenye kiti muda mrefu bila kuvua kofia.

"Rajabu, Rasoa aliniita jana."

"Hajambo?"

"Amepungua. Aliniambia nitoke naye nje. Nikadhani anataka jua. Akalala chini pale, kulia, kando ya hiyo waya yenu. Chini kabisa, kwenye udongo, mtu mzima. Akaniambia, 'Shemeji, hebu angalia kama natosha.'"

"Ukafanyaje?"

"Niliangalia. Si alisema niangalie?"

"Na anatosha?"

"Miguu inabaki ng'ambo ya waya," Muhanji akasema, na hapo ndipo alivua kofia akajifunika nayo uso.

Leo asubuhi nimetoka Khayega. Muhanji amechimba shimo la kinguzo katikati ya nyasi zake, kwa mikono yake, mzee wa kushika fimbo. Nimelipima. Limenyooka, na kina chake kimezidi kidogo, si neno. Amelifunika kwa bati na kuweka mawe juu yake ili mifugo isitumbukie. Mama Rasoa ameliona akiwa ameketi mlangoni, akaniuliza mtakuja lini, nikamwambia nitawaandikia.

Basi nimewaandikia. Leteni kinguzo, waya na watu wa kuukaza. Pale kwa Ingosi kuna shimo lingine ambalo bado halijachimbwa. Fikeni kwanza.